Seva haina kosa, mbona programu inajikokota? Haya ni maswali ya wasomaji, na majibu yangu.

Hoteli yetu hapa Malindi imepandisha kifurushi cha intaneti, lakini programu ya mapokezi bado nzito. Seva, yaani kompyuta inayotunza data ya programu, iko ofisi ya nyuma.

Rudini kifurushi cha zamani. Inaniuma kuona watu wakilipia megabiti zisizowasaidia. Seva ikiwa ndani ya jengo, mazungumzo yake na mapokezi hayagusi intaneti. Yanapita kwenye swichi ya mtandao na waya zenu. Kaa kwenye kompyuta ya mapokezi, andika ping (kwenye Windows, ping -t) na anwani ya seva, uiache iende dakika kadhaa; amri hiyo hupima muda wa ujumbe kwenda na kurudi. Kwa waya mzima, jibu hurudi chini ya milisekunde moja. Namba zikirukaruka, sasa milisekunde 2, sasa milisekunde 180, au majibu yakipotea, chomoa waya utazame kichwa chake. Huku pwani chumvi hula vile vipini vya shaba hadi vikaota ukijani. Kata, funga kichwa kipya, pima tena.

Nina duka la vifaa vya ujenzi Langoni, Lamu. Seva tumekodi Ulaya. Kuuza ni sawa, ila ripoti ya stoo, bidhaa 600, inanichosha kungoja.

Muulize aliyekuandikia programu: ripoti inaomba bidhaa zote kwa pamoja, au moja moja? Nadhani ni moja moja. Tuseme ping yako inasoma milisekunde 150. Maombi 600 yakifuatana, kila moja likisubiri jibu la mwenzake, ni sekunde 90 za kungoja tu, hata kama seva inajibu papo hapo. Ni sawa na kuvusha saruji kutoka Mokowe mfuko mmoja kwa kila safari ya boti; ukubwa wa boti hausaidii kitu. Kwa intaneti ya setilaiti zile za juu, kilomita 36,000 hivi, kila safari hula zaidi ya nusu sekunde, na ripoti hiyo hiyo ingepita dakika 5. Dawa ni ombi moja lenye JOIN, amri inayounganisha majedwali ya hifadhidata, orodha yote irudi mara moja. Hiyo ni kazi ya mwandishi wa programu, usikubali akuambie ununue intaneti zaidi.

Kila Ijumaa tukirudi kutoka msikitini programu imeganda, mpaka tuifunge na kuifungua.

Ruta iliyo katikati imeona kimya, ikakata muunganisho bila kuiambia seva wala programu. Seva yenye mfumo wa Linux kwa kawaida hungoja sekunde 7,200, yaani saa mbili, kabla ya kuulizia kama mwenzake yupo. Kama hifadhidata yenu ni PostgreSQL, weka mpangilio wake wa tcp_keepalives_idle uwe 300, yaani iulizie kila baada ya sekunde 300 za kimya.

Waifai haifiki vizuri chumba cha pili, nyumba ni ya Mji Mkongwe wa Lamu.

Kuta nene za matumbawe humeza mawimbi. Pitisha waya mlangoni, juu ya boriti. Usitoboe ukuta kabla ya kuzungumza na watu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mji huu uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001.

Nitajuaje kosa ni la mtandao au la hifadhidata yenyewe?

Endesha ombi lile lile la hifadhidata ukitanguliza EXPLAIN ANALYZE, amri ya PostgreSQL inayopima muda wa ombi. Muda unaoonyeshwa ni wa kazi ya seva, bila safari ya kukuletea majibu. Ikisema milisekunde 20 na wewe umengoja sekunde 8, tafuta njiani. Ikisema sekunde 8, acha waya, tazama faharasa (index) za jedwali.