Makengeza ukubwani: nani kasema umechelewa?

Pole dada. Umesema una miaka 34, jicho la kushoto linakimbilia nje tangu utotoni, na hospitali ya kwenu walikwambia muda umepita. Kilichopita ni umri mzuri wa kurudisha uoni wa jicho lililozoea uvivu. Kulinyoosha bado kunawezekana, hata kwa mwenye miaka 60.

Kila jicho huendeshwa na misuli 6. Kwenye upasuaji, daktari hulegeza au hukaza baadhi yake. Jicho halitolewi nje kama majirani wanavyotishia. Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo, jicho jekundu kwa wiki kadhaa. Jiandae kwamba wengine hurudia upasuaji, na wengine huona vitu viwiliviwili kwa muda.

Miwani ya prizimu (yenye vioo vinavyopindisha mwanga) humfaa zaidi anayeona viwili na kengeza lake ni dogo, kwako sidhani. Ipo sindano ya botulinamu, dawa ya kulegeza msuli, ndiyo hiyohiyo ya makunyanzi! Marekani waliiidhinisha mwaka 1989 kwa ajili ya makengeza na kope zinazokakamaa. Nguvu yake huisha baada ya miezi michache. Mazoezi husaidia macho yanayoshindwa kukutana wakati wa kusoma, si jicho kama lako, kwa hiyo usiuziwe.

Jaribu idara ya macho ya hospitali ya KCMC Moshi, au hospitali ya CCBRT Dar, uulizie daktari anayeshughulika na makengeza.

Na wengine mnaosoma hapa: kengeza likimjia mtu mzima ghafla, hasa mwenye kisukari au presha, aende hospitali siku hiyohiyo.