Beji inasema milisieverti, CT inasema miligrei: nifuate ipi?

Dada uliyeanza kazi ya eksirei hapa Nairobi, umeuliza ni namba gani ya kuamini: ya beji unayovaa kupima mionzi inayokufikia, au ya skrini ya CT, mashine ya eksirei inayopiga picha za mwili vipande vipande. Zote, ila kila moja inajibu swali lake.

Grei ni nishati iliyonaswa: joule moja kwa kila kilo, iwe ni nyama au maji. Sieverti inaangalia madhara: ni mionzi ya aina gani, na imeangukia kiungo gani. Eksirei huzidishwa kwa 1, mionzi ya alfa kwa 20. Halafu viungo navyo vina "uzito" wake, yaani namba ya kuzidishia inayoonyesha madhara ya mionzi kwa kila kiungo. Mwaka 2007 tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi, ICRP, ilipandisha uzito wa matiti kutoka 0.05 hadi 0.12. Matiti ni yaleyale, ushahidi ndio uliobadilika. Kwa hiyo sieverti ya mwili mzima haipimwi na kifaa chochote, hukokotolewa.

Namba ya CT ndiyo inayochanganya wengi. Ile miligrei ya kwenye skrini haikupimwa ndani ya mgonjwa wako. Inatokana na vipimo vya mche duara wa plastiki wenye kipenyo cha sentimita 16 (kichwa) au 32 (kiwiliwili). Mtoto mwembamba akihesabiwa kwa ule wa 32, amepokea zaidi ya kilichoandikwa. Mama mnene, pungufu. Mzazi akikuuliza, usimsomee skrini tu.

Sasa beji. Kama ni ya lithiamu floridi, maabara huipasha moto, inatoa mwanga, na mwanga huo ndio unaopimwa. Jibu ni dozi ya kina cha milimita 10 chini ya mahali ulipoivaa, basi. Ukiisahau kwenye aproni iliyoning'inia chumbani, umepima aproni. Nimeona ripoti ya namna hiyo ikimkosesha mwenzetu usingizi bure.

Kikomo cha ICRP kwetu wafanyakazi ni wastani wa milisieverti 20 kwa mwaka katika miaka 5, bila kuvuka 50 katika mwaka wowote. Mgonjwa hana kikomo. Yeye analindwa na swali la kama picha inahitajika kweli (na hapo madaktari wetu wengine wana mkono mwepesi mno).

Ukikuta mita ya zamani inayosoma miliroentgeni (kizio cha kale cha mionzi), 1 kwa saa ni takriban mikrosieverti 10 kwa saa. Lakini kwanza tazama stika ya kalibresheni, yaani uhakiki wa usahihi wa mita. Ikiwa tarehe imepita, omba mita nyingine.