Maswali ya Wasomaji: Sarafu za Zamani Ndani ya Nyumba za Dar

Wengi mnaotuandikia kuhusu sarafu za zamani mnaanza na mwizi. Mwizi yupo na tutamfikia. Lakini katika jiji lililo kando ya bahari kama hili, hewa yenyewe na plastiki duni zinaharibu sarafu kimyakimya mwaka hadi mwaka, na hasara ya aina hiyo bima hailipi. Ndiyo maana tumeanzia huko.

Shikamooni. Marehemu babu aliniachia rupia za Mjerumani na senti za tundu za enzi ya Mwingereza. Nimeziweka kwenye albamu ya plastiki laini niliyonunua duka la vifaa vya shule. Sasa zina utelezi wa kijani. Nizisafishe kwa limao? (Msomaji, Mikocheni)

Marahaba. Limao hapana. Wala majivu, ukwaju, dawa ya meno au dawa ya kung'arishia shaba. Tindikali inakula uso wa sarafu pamoja na uchafu, na majivu yanaukwaruza. Rupia iliyosuguliwa ikang'aa hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake kwa mkusanyaji, na uso wa awali haurudi tena.

Utelezi huo umetoka kwenye albamu. Plastiki laini yenye harufu kama ya pazia jipya la bafuni ni PVC. Imelainishwa kwa mafuta ya kemikali ambayo kwenye joto letu hujitoa polepole, na yenyewe ikichakaa hutoa tindikali ya haidrokloriki. Tindikali hiyo ikikutana na shaba ndipo ute wa kijani unapozaliwa. Rupia za fedha nazo hazisalimiki, kwa kuwa zina shaba kama asilimia 8 ndani yake.

Zitoe leo hii. Kisha tafuta asetoni safi kwa wauza kemikali za maabara. Ile ya kuondolea rangi ya kucha haifai, mara nyingi imetiwa mafuta na manukato. Tumia bakuli la kioo, kwa sababu plastiki nyingi huyeyuka ndani ya asetoni. Fungua madirisha, zima jiko, na kiberiti kikae mbali: mvuke wake unashika moto haraka mno. Tumbukiza sarafu moja kwa dakika 5, igeuze, mwaga asetoni iliyochafuka, weka mpya, rudia mpaka ute uishe. Usisugue hata kwa pamba. Ilaze juu ya kitambaa safi ikauke yenyewe. Wakati wote ishike kwa ukingo, kwa sababu jasho la kidole lina chumvi na huacha alama inayojichora kwenye shaba.

Angalia jambo moja kabla ya kuanza. Kama kijani chenyewe si ute bali ni unga mkavu, mwepesi, unaofutika na kurudi baada ya siku kadhaa huku ukiacha vishimo, hiyo ni kloridi ya chumvi iliyoingia ndani ya shaba, na asetoni haitaiponya. Itenge sarafu hiyo na wenzake, iweke pakavu, penye unyevu wa chini ya asilimia 40, na utafute ushauri wa wahifadhi wa Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert.

Makazi mapya ya sarafu yawe ya poliesta, polipropilini au vidonge (vikasha vya mviringo vya sarafu moja moja) vigumu vya plastiki isiyo PVC. Vidonge huuzwa kwa milimita, na rupia moja inataka cha milimita 30. Ukichagua vile vijikadi vya mraba vyenye dirisha la poliesta, bana pini za stepla kwa koleo hadi zilale kabisa. Pini iliyochomoza itachora sarafu ya jirani, na ikipata unyevu itashika kutu.

Naishi Kigamboni, karibu na bahari. Nina AC chumbani lakini umeme hukatika. Unyevu nitaudhibiti vipi?

Msiitegemee AC. Mbali na umeme kukatika, sarafu iliyopoa ndani ya chumba cha AC ukiitoa ghafla sebuleni hujikusanyia umande. Ukitaka kuihamisha, iache ndani ya boksi lake lililofungwa kwa saa 2 hivi hadi joto lilingane, ndipo ufungue.

Suluhisho lisilohitaji umeme ni boksi lisilopitisha hewa na silika jeli. Chukua boksi la polipropilini lenye kifuniko cha kubana (tazama chini, alama ya pembetatu yenye namba 5). Kwa boksi la lita 10 weka gramu 200 za silika jeli ndani ya vifuko vya kitambaa, pamoja na kipima unyevu kidogo. Lengo ni asilimia 35 hadi 45. Wakati wa masika hewa ya Dar mara nyingi hupita asilimia 80 asubuhi, kwa hiyo kila ukifungua unaingiza maji. Fungua kwa sababu, si kwa hamu ya kutazama.

Chagua silika jeli ya rangi ya chungwa inayogeuka kijani ikishiba. Ile ya buluu inayogeuka waridi imetiwa kobalti, ambayo ni sumu, na nyumba nyingi zina watoto. Ikishiba, itandaze kwenye trei na uikaushe kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa 2 au 3. Moto ukizidi hapo rangi inaungua, na hutajua tena kama imeshiba. Iache ipoe ndani ya chupa iliyofungwa kabla ya kuirudisha.

Vipima unyevu vya bei nafuu hudanganya, kwa hiyo kipime chako kwanza. Weka chumvi ya mezani kwenye kizibo cha chupa, idondoshee maji hadi iwe kama tope bila kuyeyuka, kisha kizibo na kipimo vikae ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa saa 12. Kinapaswa kusoma 75. Kikisoma 82, ujue kila siku utatoa 7.

Boksi lisilale moja kwa moja ndani ya droo ya MDF (ubao wa unga wa mbao na gundi) au plaiwudi mpya, maana gundi na mbao hizo hutoa mvuke wa tindikali. Magazeti na mipira ya kufungia noti viondoe kabisa. Salfa iliyomo kwenye mpira ndiyo inayogeuza madini ya fedha kuwa meusi.

Nimenunua sefu ya kilo 30. Fundi anataka kuifunga ukutani ndani ya kabati la chumba cha kulala. Ni sawa? (Msomaji, Tabata)

Sefu ya kilo 30 watu wawili wanaibeba hadi kwenye bajaji. Kinachoilinda ni bolti. Ukuta wa tofali za bloku haushiki vizuri, hasa bloku zenye matundu. Ifunge kwenye sakafu ya zege kwa bolti 4 za kupanuka, milimita 12, zilizoingia ndani ya zege si chini ya sentimita 7, na fundi afagie vumbi kwenye tundu kabla ya kuzigonga, kwani vumbi ndilo linalozifanya zilegee. Ukiwa maeneo ya bondeni ambako maji ya Mto Msimbazi hufika, sakafu ya chini haifai kabisa: jenga jukwaa la zege lililofungwa nondo, angalau mita 1 kutoka chini, au pandisha ghorofani. Kabati la chumba cha kulala, kwa maoni yetu, ndiko mwizi anakoanzia. Chumba kingine ni bora.

Ukinunua sefu ya kuzuia moto, elewa inavyofanya kazi. Kuta zake zimejazwa mchanganyiko wenye maji, ambao hutoa mvuke moto ukiwaka. Siku za kawaida unyevu huo unavuja kidogo kidogo ndani, kwa hiyo sarafu hubaki ndani ya boksi lile lile la silika jeli hata zikiwa kwenye sefu. Fedha huyeyuka kwenye nyuzi 961 na shaba 1,085, lakini polipropilini huanza kuyeyuka kwenye 160 hivi na kugandia uso wa sarafu.

Nina bima ya nyumba na vilivyomo. Sarafu zangu si zimo humo?

Usidhani, soma. Mikataba mingi ya vyombo vya nyumbani huweka sarafu, stempu na fedha taslimu kwenye orodha ya visivyolipwa, au huziwekea kikomo kidogo kwa kila kitu kimoja. Unachotaka ni mkusanyiko utajwe kwa jina kwenye jedwali la mkataba, kila sarafu ya thamani kubwa ikiwa na mstari wake na kiasi chake.

Kisha waulize kwa maandishi, na majibu yaje kwa maandishi. Je, wizi unalipwa tu kama kuna dalili za kuvunja? Kama ndivyo, sarafu ikichukuliwa na mtu uliyemfungulia mlango mwenyewe, hakuna fidia. Je, nyumba ikikaa bila mtu kwa siku ngapi kinga inasimama? Mara nyingi ni 30, na likizo ya Desemba huko kwenu huifikia upesi. Ni kiasi gani cha kwanza cha hasara unachojibebea? Je, wanalipa thamani mliyokubaliana au bei ya soko ya siku hiyo? Omba ya kwanza. Na seti inahesabiwaje? Chukua seti ya wanyamapori ya 1974, Sh 25 ya twiga, Sh 50 ya kifaru na ya dhahabu ya Sh 1,500 yenye duma. Ikiibwa moja, mikataba mingi hulipa hiyo moja, si pengo lililobaki kwenye seti.

Linaloumiza wengi ni kukadiria chini ili ada ipungue. Mkusanyiko una thamani ya milioni 20, umeukatia bima ya milioni 10. Zikiibwa za milioni 6, kampuni inasema ulijibebea nusu ya hatari, inalipa milioni 3. Hapo hujadhulumiwa, ndivyo kanuni ya uwiano inavyosema.

Hakikisha kampuni na wakala wamesajiliwa na TIRA (Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania), na lipa ada ukapewe risiti kabla ya kuhesabu kwamba una kinga. Dalali wa bima anakuwakilisha wewe, wakala anaiwakilisha kampuni. Kwa mali isiyo ya kawaida kama hii, dalali anafaa zaidi.

Nithibitishe vipi thamani? Sonara wa Kariakoo aliniambia ataniandikia barua.

Sonara ataandika bei ya madini. Tembo wa Tabora wa 1916, ile sarafu ya rupia 15, ana uzito wa gramu 7.17 na dhahabu yake ni asilimia 75, yaani gramu 5.4 hivi. Wakusanyaji hulipa mbali zaidi ya hapo, na barua ya sonara itakupa fidia ya gramu tu.

Tengeneza daftari. Kila sarafu: nchi, thamani iliyoandikwa, mwaka, alama ya kiwanda (A ni Berlin, J ni Hamburg, T ni Tabora), kipenyo, uzito kwa mizani ya gramu 0.01, namba ya KM (namba ya aina ya sarafu kwenye katalogi ya Krause), tarehe na bei uliyonunua. Piga picha pande zote mbili chini ya mwanga wa dirishani, na ukingo pia. Mizani ni ulinzi wako mwenyewe: rupia halali ya fedha ina gramu 11.66, iliyochakaa inapungua kidogo, ikisoma 9.8, usiikatie bima, ichunguze. Kwa sarafu ghali, gharama ya kuipeleka NGC au PCGS (kampuni za Marekani zinazothibitisha sarafu na kuifungia kwenye kidonge chenye namba) inalipa, kwa kuwa mkadiria hasara hawezi kubishana na kidonge hicho. Kwa nyingine, ambatisha matokeo ya minada ya karibuni ya sarafu ya daraja lile lile. Rudia makadirio kila mwaka. Nakala moja ya daftari ikae nje ya nyumba.

Ikitokea wizi, usipange upya chochote. Piga picha, nenda polisi siku hiyo hiyo upate namba ya RB (namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi), kisha iarifu kampuni kwa barua ndani ya muda uliotajwa kwenye mkataba. Mkishindwa kuelewana kuhusu fidia, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Kijana wa Kilwa ananiuzia visarafu vya shaba vya masultani. Navyo nivikatie bima?

Usivinunue. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavihesabu vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 kuwa malikale, na kuvichimba au kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Kama tayari unavyo kutoka kwa wazee, nenda Idara ya Mambo ya Kale ukavieleze.

Je, nizipeleke benki tu?

Kama benki yako ina huduma ya kutunza vitu vya wateja, kwa sarafu tano au sita za bei kubwa ni sawa. Ila Bodi ya Bima ya Amana inalinda fedha zilizo kwenye akaunti, si kilichomo ndani ya boksi. Kwa hiyo bima yako itaje anwani ya benki, na itaje pia safari ya kwenda na kurudi, kwa sababu mikataba mingi inaishia mlangoni kwako. Peleka na silika jeli yake, na uibadilishe kila baada ya miezi 3.