Sanduku la Maswali ya Filamu: Rafiki Asiyeombwa Radhi

Barua tatu za mwezi huu zinahusu aina moja ya filamu, nayo ni ile ya mji mdogo, isiyo na bunduki wala uchawi, ambamo marafiki hukosana na ndugu hurudiana. Nimempa nafasi kubwa zaidi msomaji wa Busia, kwa kuwa swali lake ndilo linalobeba mengine mawili.

SWALI: Salaamu, Mwalimu. Mimi ni kijana wa Busia, upande wetu wa Uganda, na pamoja na wenzangu wanne tunatayarisha filamu yetu wenyewe, bila kampuni wala mfadhili. Hadithi inahusu wavulana wawili waliokua pamoja wakibeba abiria kwa baiskeli mpakani. Mwaka 2010 mmoja wao anagombana na kaka yake mkubwa kwa sababu ya kiwanja ambacho baba yao amekiuza, na anahamia Kampala. Mwenzake anabaki mjini na kuwa fundi baiskeli. Baada ya miaka 12 baba anafariki, na yule wa Kampala anarudi kuzika. Mwishoni wote wanaketi chini ya mwembe, kila mmoja anasema yaliyo moyoni mwake, wanalia na kukumbatiana. Onyesho hilo lina kurasa sita, na wote niliowasomea walianza kupiga miayo. Kosa langu liko wapi? — Mwandishi chipukizi, Busia

JIBU: Ndugu yangu, mwembe hauna kosa. Watu wa kwetu huketi chini yake kweli, na hata kikao cha kugawa mali ya marehemu mara nyingi hufanyika hapo, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akiwa amewekewa kiti cha plastiki, akina mama wakiwa kwenye mikeka, na watoto wakifukuzwa kila baada ya dakika tano. Kosa ni kwamba umewapa watu hao maneno wasiyoweza kuyatamka. Kaka mkubwa mwenye umri wa miaka 50 hamwambii mdogo wake, mbele ya wakwe na majirani, kwamba tangu utotoni alikuwa akimwonea wivu. Humuuliza kama amekula. Akitaka kusogea hatua moja zaidi, humtuma shangazi, na shangazi naye haendi moja kwa moja kwenye jambo, bali huanza na habari za mvua, za kuku na za mtoto wa jirani aliyefeli mtihani, hata anayetumiwa ujumbe anajua fika kinachokuja na amekwisha kuamua jibu kabla halijatajwa. Watazamaji wako wanapiga miayo kwa sababu wamewahi kuhudhuria vikao kama hivyo na wanajua kwamba hayo hayasemwi.

Lakini hata ukipunguza maneno, hadithi bado itakuwa na pengo, na pengo hilo ni rafiki. Nimeisoma rasimu uliyoniambatishia mara mbili. Huyu fundi baiskeli anapeleka habari za msiba, anampokea mwenzake kituo cha matatu, anambebea mkoba, anampigia simu kaka mkubwa, kisha chini ya mwembe anasimama nyuma ya umati akitabasamu. Umemfanya tarishi. Jiulize ni nani aliyemkimbiza mzee hospitali usiku kwa kipindi chote cha miaka 12 ambacho mwanawe wa pili hakuonekana. Nani alikuwa akimnunulia sukari? Katika miji yetu midogo, kijana anapoondoka kwa hasira, kazi yake ya uana haiondoki naye. Humwangukia aliye karibu, na aliye karibu mara nyingi ni rafiki, ambaye hakuzaliwa katika nyumba ile na hatatajwa siku ya kugawa urithi. Ndugu wawili wanapopatana, kila mmoja hupata kitu. Fundi hupata nini? Hakuna aliyemkosea waziwazi, kwa hiyo hakuna anayemwomba radhi, na mtu wa namna hiyo, mwenye madai ambayo hana pa kuyapeleka, ndiye ninayetaka kumtazama kwa dakika 80.

Mpe pia deni lake mwenyewe ili asiwe malaika. Ulieleza kwamba kiwanja kiliuzwa kwa karatasi ya makubaliano yenye muhuri wa LC1. Karatasi kama hiyo huwa na mashahidi. Wana wawili walikuwa hawasemezani siku ile, na mzee alihitaji mtu wa kutia sahihi. Kwa nini asiwe huyu fundi, aliyekuwa akipita njia na pampu mkononi? Tangu hapo amejua siku, bei na aliyenunua, na hajamwambia rafiki yake hata neno moja. Sasa, karatasi inapotolewa kwenye sanduku la marehemu na kusomwa, kila mtu anasikiliza bei, isipokuwa mtu mmoja anayesubiri jina la shahidi wa pili. Hapo huhitaji kurasa sita. Ila usiniletee ufunuo kwamba fedha za kiwanja ndizo zilizomlipia karo huyo wa Kampala. Ninaiona ikikujia kwa mbali, nami nakusihi uifukuze, kwa maana hesabu ya namna hiyo hufungana vizuri mno na watu hawatakuamini tena.

Patano lenyewe ningelihamishia kibandani kwa fundi. Kaka mkubwa anakuja asubuhi akisukuma baiskeli ya marehemu, gurudumu la nyuma halina upepo. Hasalimii sana. Fundi anaipindua baiskeli, anaibandua tairi kwa vipande viwili vya chuma, anauvuta mpira wa ndani na kuutia upepo, kisha anauzungusha polepole ndani ya karai la maji mpaka mapovu yatokee. Anaukausha kwa shati lake, anapasugua kwa msasa, anapaka gundi. Gundi ya kiraka haibandikwi ikiwa mbichi, ni lazima kuisubiri ikauke kidogo, na kila fundi huipulizia. Huo ndio muda wako. Ni dakika mbili hivi ambazo watu watatu, yaani fundi, kaka mkubwa na mdogo mtu aliyekuwa tayari ameketi pale kwenye benchi, hawana pa kwenda wala cha kufanya, na mmoja wao analazimika kulishika gurudumu lisianguke. Acha mdogo alishike. Kazi ikiisha, kaka mkubwa anauliza bei, fundi anataja bei kamili, bila kupunguza shilingi, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo mtu wa nyumba ile anamlipa. Mimi ningeiangalia ile noti inavyopokelewa kuliko machozi ya ukoo mzima.

Jambo la mwisho kwako ni mpaka, ambao umeutaja ukurasa wa kwanza kisha ukausahau. Neno bodaboda, kama unavyojua kuliko mimi, lilizaliwa huko kwenu, katika miaka ya 1960, vijana wa baiskeli walipokuwa wakivusha watu kati ya kituo cha Uganda na cha Kenya. Marafiki hawa ni warithi wa kazi hiyo. Huyo wa Kampala aliondoka kabla ya mwaka 2018, kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa, na siku hizi msafiri humaliza mambo ya nchi zote mbili katika jengo moja, upande wa nchi anayoingia. Kwa hiyo akitumwa kumchukua shangazi aliyeolewa upande wa pili, miguu itampeleka kwenye dirisha la uhamiaji alilolizoea zamani. Rafiki yake amwache atembee mpaka afike, ndipo acheke. Hicho ni kicheko cha kwanza baina yao baada ya miaka 12, tena hakikugharimu chochote.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mama mzee kidogo, na nimetazama michezo ya vijana wetu yenye Kiswahili. Wengine wanaongea kama wako Nairobi, wengine kama watangazaji wa redio, na mwanajeshi ndiye pekee anayeongea Kiswahili cha Uganda. Je, hadithi ya familia inaweza kuchezwa kwa Kiswahili hapa kwetu na watu wakaiamini? — Mama wa Bombo

JIBU: Inaweza, Mama, lakini si kwa kujifanya kwamba historia haipo. Kiswahili kiliingia nyumba nyingi za Uganda kupitia kambi za jeshi, tangu enzi za King's African Rifles, kikosi cha wakoloni Waingereza, na ingawa serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, walioishi miaka ile hawakukisikia shuleni. Walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, lakini maagizo hayafuti kumbukumbu ya sikio. Kwa hiyo mzee wa miaka 70 katika filamu akishtuka kijana anapomwamuru kwa Kiswahili, hata kama kijana amesema tu "fungua mlango", mtazamaji wa hapa ataelewa bila maelezo, na wa Dar es Salaam ataona kitu kipya.

Katika hadithi ya Busia niliyoijibu hapo juu, nisingemfanya kila mtu aongee Kiswahili. Marafiki wawili, ndiyo, maana ndiyo lugha yao ya kazi na ya sokoni, na ndiyo waliyotaniana nayo tangu utotoni. Mama aongee Kisamia. Aliyerudi kutoka Kampala aanze kwa Kiingereza, kama wanavyofanya wengi wanaotaka ionekane kwamba walikokwenda kulikuwa na faida, na kaka yake amjibu kwa Kisamia kila mara, kwa makusudi. Siku aliyerudi atakapojibu kwa Kisamia chenye makosa, na mama akamsahihisha neno moja huku akiendelea kuchambua mboga, hakuna atakayehitaji kuambiwa kwamba mtoto amerudi nyumbani. Tafsiri ya maandishi iwekwe chini ya picha, iwe fupi. Kuhusu lahaja, waigizaji waachwe na Kiswahili chao. Fundi wa Busia anayesema kama msoma taarifa ya habari huniudhi kuliko anayekosea ngeli, nami nimesahihisha ngeli maisha yangu yote.

SWALI: Sisi ni kikundi cha vijana, tuna kamera moja ya kuazima, simu mbili na hadithi ya dada wawili wasiosemezana. Tuanzie wapi, na tutaionyesha wapi ikiwa mji wetu hauna ukumbi wa sinema? — Kikundi cha Soroti

JIBU: Anzieni kwenye sauti. Picha yenye giza kidogo watu huivumilia, lakini hadithi ya kunong'onezana ikikosa kusikika imekufa. Msikodi lenzi kabla hamjapata kinasa sauti kizuri, na katika kila chumba mtakachopigia picha, wanyamazisheni watu wote mrekodi dakika moja ya ukimya wa pale, kwa sababu mhariri wenu ataihitaji kuziba nyufa. Epukeni nyumba ya mabati msimu wa mvua. Mimi niliwahi kuongoza mchezo katika ukumbi mmoja, na mvua ikashuka juu ya mabati dakika ileile mama alipokuwa akimsamehe mwanawe kwa sauti ya chini. Watazamaji waliona midomo ikicheza tu. Baadhi yao walilia, nami nikajifunza kitu kuhusu yale maneno niliyohangaika nayo wiki tatu.

Mwanga ni bure, lakini ni mfupi. Hapa karibu na ikweta jua huchwea karibu na saa moja jioni mwaka mzima, na ule mwanga laini haufiki hata nusu saa, kwa hiyo onyesho lenu la jioni lifanyiwe mazoezi mchana, mahali palepale, kisha lipigwe mara mbili au tatu tu. Gharama isiwatishe. Isaac Nabwana wa Wakaliga, kitongoji cha Kampala, ameonyesha dunia nzima kinachoweza kufanywa kwa fedha kidogo sana, ingawa filamu zake ni za mapigano na hazina haja ya kukaa kimya kama yenu.

Kuhusu mahali pa kuonyesha, shule zina kumbi, makanisa pia, na tamasha la filamu linaloendeshwa na Tume ya Mawasiliano ya Uganda tangu mwaka 2013 hupokea kazi za Waganda. Lakini watazamaji wenu wa kweli wako kwenye vibanda vya video, na humo mtakutana na VJ, yule msimulizi anayetafsiri filamu papo hapo kwa kipaza sauti na kutia chumvi yake. VJ huogopa kimya kama mwenye duka anavyoogopa rafu tupu. Dada zenu wawili wakikaa jikoni bila kusema kwa nusu dakika, atawatungia maneno, tena ya kuchekesha. Wengine watawashauri mkatae asiguse filamu yenu. Mimi sikubaliani nao, kwa maana bila yeye nusu ya ukumbi itatoka. Mpelekeeni filamu siku mbili kabla, aitazame peke yake, mkubaliane ni wapi aseme apendavyo na ni wapi aweke kipaza sauti chini, kisha mmoja wenu aketi karibu naye siku hiyo. Mlipeni nusu mwanzoni na nusu baada ya onyesho la jikoni.