Chuma kwenye kifundo cha mkono: kwa nini ukubwa wa mfupa wako una maana

Shikamoo daktari. Nina miaka 61. Niliteleza bafuni, nikajikinga kwa kiganja, mkono ukavunjika karibu na kifundo. Niliwekewa chuma na skrubu. Mfupa umeunga, lakini kila nikikunja kidole gumba nahisi kitu kinakwaruza kwa ndani. Naambiwa nitazoea. (Mama, Morogoro)

Marahaba mama, na pole sana. Hili si la kuzoea.

Chuma chako kimelala upande wa kiganja, juu ya radiasi, yaani mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba. Karibu na mwisho wa mfupa huo kuna tuta dogo. Ukilivuka, kano za kukunja vidole zinapita zikiwa zimebana kabisa na mfupa, kwa hiyo chuma kinatakiwa kiishie kabla ya hapo. Kwa mtu mwenye mfupa mdogo, na wanawake wengi wamo humo, nafasi ya kukilaza ni finyu. Kikiwa kikubwa mno, au kikisogezwa mbele ili kushika kipande kilichovunjika, ukingo wake unainuka na kano ya kidole gumba inasuguliwa kila unapokanda unga au kufungua mlango.

Upande wa mgongo wa mkono nako kuna kano, na skrubu iliyozidi milimita mbili tu inaweza kuzichoma. Mgongo wa mfupa huo haujanyooka, una nundu, na kwenye eksirei ya ubavuni ncha ya skrubu inaweza kujificha nyuma ya nundu hiyo. Ndiyo maana wapasuaji makini huongeza picha nyingine, kifundo kikiwa kimekunjwa.

Rudi kliniki ya mifupa. Omba eksirei ya ubavuni, na uwaeleze waziwazi kwamba kinakwaruza *ukikunja kidole gumba*. Kwa kuwa mfupa umeshaunga, chuma kinaweza kutolewa. Ikitokea siku ncha ya kidole gumba imekataa kukunjika ghafla, huenda kano imekatika: nenda hospitali siku hiyohiyo. Inaniuma kuona maumivu ya mama wa umri wako yakipachikwa jina la uzee kabla mtu hajaitazama picha.

Je, mifupa ya kifundo cha mwanamke ina umbo la pekee, au ni midogo tu? (Mwanafunzi wa uuguzi, Eldoret)

Kwa sehemu kubwa ni midogo tu, ila udogo huo unatosha kuleta taabu. Chukua skafoidi, mmoja wa mifupa minane ya kifundo. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2007 vilikuta urefu wa wastani wa kama milimita 31 kwa wanaume na 27 kwa wanawake. Ncha yake iliyo karibu na kigasha ni nyembamba sana, na skrubu ya kawaida inaweza kuwa nene kuliko mfupa unaotakiwa kuibeba. Sasa ongeza hili: damu nyingi ya skafoidi huingilia upande wa vidole na kurudi nyuma, hivyo ncha hiyohiyo ndiyo inayopata damu kwa shida na kuchelewa kuunga. Mpasuaji akiipasua kwa skrubu nene, ameharibu mahali pagumu zaidi kupona.

Basi kuna vyuma vya wanawake? (Msomaji, Mombasa)

Sivitafuti. Wako wanawake wenye mifupa mipana na wanaume wenye mifupa myembamba, na vipimo vyao vinaingiliana sana. Ninachotaka ni mfupa kupimwa. Vyuma vya radiasi hutengenezwa vyembamba, vya wastani na vipana, na skrubu nyembamba zipo. Shida huja pale seti iliyofunguliwa chumba cha upasuaji ina saizi moja iliyobaki, na mgonjwa ameshalala. Kama upasuaji si wa dharura, uliza mapema: "Saizi ndogo ipo?" Pale familia inapotumwa kununua chuma yenyewe, saizi iandikwe kwenye karatasi kabla hela haijatoka.

Binti yangu wa miaka 15 amevunjika kifundo, mfupa umepinda, wanataka kumpasua. Mtoto wa kiume wa jirani, umri huohuo, aliambiwa utajinyoosha wenyewe. Tunaonewa? (Baba, Dodoma)

Si lazima, baba. Mfupa wa mtoto hujinyoosha kadiri unavyoendelea kukua, na sehemu ya ukuaji kwenye radiasi ya wasichana hufunga mapema kuliko ya wavulana, kwa kiasi cha kama miaka miwili. Huenda binti yako amebakiza ukuaji mdogo sana, na jirani bado anao. Mwombe daktari akuonyeshe mstari wa ukuaji kwenye eksirei: kama umeshafunga au unakaribia, mfupa uliopinda utabaki hivyo usiporekebishwa. Kama bado uko wazi kabisa, una haki ya kuuliza kwa nini wasisubiri.