Masomo mpaka jioni si agizo la mtaala

Je, mtaala mpya wa sekondari ya chini hapa Uganda ndio unaotaka watoto wafundishwe mpaka jioni? Hapana, haukuongeza saa za darasani, ulizipunguza. Ulipoanza 2020, vipindi vilipangwa kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa tisa kasoro dakika kumi. Muda unaobaki ni wa kujisomea, miradi, michezo na vilabu. Shule ya mtoto wako ikifundisha mpaka saa kumi na mbili, imejiamulia yenyewe.

Nazungumzia sekondari ya chini tu, yaani kidato cha kwanza hadi cha nne (S1 hadi S4). Msingi na S5–S6 zina ratiba zao.

Na kabla kamati ya wazazi haijapitisha kurefusha siku, ianze na chakula cha mchana. Sheria ya Elimu ya 2008 inamwachia mzazi jukumu la kumlisha mtoto. Mimi ni mwalimu huku Arua: aliyekunywa chai kavu alfajiri akaja kwa miguu, saa kumi jioni hashiki kitu, hata umfundishe vizuri namna gani. Saa ya ziada inasaidia ukikaa na wachache walioachwa nyuma. Kunakili maelezo kutoka ubaoni kunawachosha bure.