Meli ya mtoni au treni kwa masoko ya Krismasi?

Dada, nimekuelewa: mama ana shida ya magoti, nawe unajiuliza kama meli ya mtoni itamfaa kuliko treni kwenda kuona masoko ya Krismasi Ujerumani. Kwa hali yake, mimi ningechagua meli. Mnapanga nguo mara moja tu, na akichoka chumba chake hakiko mbali.

Ila angalieni njia. Köln, kwenye mto Rhine, meli nyingi hufunga gati karibu na kanisa kuu, na soko liko hapohapo chini ya minara. Nürnberg bandari iko mbali na mji. Mnapelekwa kwa basi, kisha mnatembea juu ya mawe yanayoteleza mvua ikinyesha. Uliza pia kama lifti inafika kila ghorofa, maana meli zikifungwa ubavu kwa ubavu, wakati mwingine abiria hupanda ngazi kuvukia nyingine.

Maji ya mto yakipungua au kujaa mno, sehemu ya safari hugeuka kuwa ya basi. Soma masharti ya fidia kabla hujalipa. Masoko mengi hufungwa ifikapo tarehe 24 Desemba, kwa hiyo nendeni mapema. Na magoti yakiwa yanavimba, mama amwone daktari kwanza.